Tochi ya Saa Kumi Alfajiri

Kambi ya Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, huamka saa tano usiku. Ukisimama nje wakati huo utaona mahema yanawaka moja baada ya jingine, la njano, la bluu, la kijani, huku upepo ukiyatikisa. Mpishi ameshachemsha chai. Wageni wanavaa nguo juu ya nguo, na kila mmoja anafunga tochi kichwani. Saa sita kasoro tunaanza kupanda. Kutoka hapo, kwenye mita kama 4,670, mpaka Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, ni saa tano hadi saba za mawe na changarawe, na kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu saa nzima nyingine. Jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo tochi iliyofungwa pale Barafu inatakiwa iwake saa sita na zaidi bila kupumzika, katika baridi ambayo mara nyingi hufika nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na upepo juu yake.

Mlima niliuanza nikiwa mgumu, ndivyo wapagazi tunavyojiita Kilimanjaro. Nikabeba mizigo misimu minne, nikasomea kazi ya kuongoza wageni, nikawa msaidizi, na sasa ni kiongozi mkuu. Watu wanaoniuliza wanunue tochi gani wengi huanza kwa kutaja lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga: hii ina 400, ile ina 1,000, ipi bora? Mimi huwauliza kwanza itakuwa inatoa mwanga kiasi gani saa kumi alfajiri.

Jambo hilo sikulisoma popote. Usiku ulionifundisha ulikuwa wa giza totoro, mwezi ndio kwanza unaandama. Wageni walikuwa watano na viongozi watatu, mimi msaidizi wa mwisho kwenye mstari. Mmoja wa wageni, kijana mhandisi kutoka Ujerumani, alikuwa na tochi ambayo sote tuliitamani. Boksi lake liliandikwa lumeni 1,000. Akiiwasha usiku pale kambi ya Barranco, ukuta wa mawe wa upande wa pili wa bonde ulionekana. Jioni zote aliitumia kusomea kitabu na kuwamulikia wenzake, na kule kambi ya Karanga niliiona imechomekwa kwenye pawabenki, vyote viwili vimelala kwenye sakafu ya hema ambayo kulipokucha ilikuwa na barafu nyembamba kama karatasi.

Saa nane usiku, tukiwa tumepita kidogo mita 5,200, mwanga wake ulipepesa mara tatu, ukazima. Haukufifia kwanza, ulikata. Akabonyeza, ukawaka kidogo, ukakata tena. Mstari ukisimama mahali pale wageni wanaanza kuganda, kwa hiyo nilivua ya kwangu nikamvalisha. Nilihesabu kwamba nitatembea kwa mwanga wa aliye mbele yangu, na kwa nusu saa hivi nilitembea hivyo bila tatizo.

Ndipo mama mmoja kwenye kundi letu akaanza kuyumba. Maneno yake hayakuungana, na mguu wa kushoto ulikuwa unaupita wa kulia. Kila kiongozi anaijua dalili hiyo. Ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa hewa ya kutosha, na tiba ya kwanza ni kushuka, palepale, bila kusubiri kukuche. Kiongozi mkuu akaniambia, "Dogo, mshushe mama. Usisimame."

Mama mwenyewe alikuwa na tochi, lakini betri zake zilikuwa zile za kawaida za dukani, na kufikia saa hiyo mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa, unamulika ncha za viatu vyake tu. Nikamshika kiunoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikashika simu. Nilipoitoa mfukoni ilionyesha chaji asilimia 60. Haikumaliza dakika kumi, baridi ikaizima. Tukabaki na ile rangi ya chungwa. Njia ile mchana unairuka jiwe kwa jiwe huku unaongea. Usiku ule nililitafuta kila jiwe kwa ncha ya kiatu, na penye ngazi za mwamba tulikaa chini tukashuka kwa makalio, mimi mbele, yeye nyuma ameweka miguu mabegani mwangu.

Kundi la mwisho la usiku lilikuwa bado linapanda. Mbele yao alikuwa mzee mmoja ambaye sisi vijana tulimwita Meku, kwa heshima ya Kichagga. Alisimama, akainamisha tochi yake ili asitupofushe, akamtazama mama usoni. Hakuniuliza imekuwaje. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa tochi ndogo iliyokuwa inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Vaa hii. Nirudishie kesho Mweka."

Ilikuwa ya moto. Nakumbuka hilo kuliko yote ya usiku ule: vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na ile plastiki ilikuwa na joto la kifua chake. Mwanga wake ulikuwa wa kawaida sana, nakadiria lumeni thelathini au arobaini. Lakini haukupepesa wala haukubadilika rangi mpaka tukafika Barafu. Pale mama alipewa oksijeni, wagumu wanne wakajitokeza bila kuitwa mara mbili, tukaendelea kumshusha gizani. Tulipofika kambi ya Millennium, chini ya mita 4,000, alikuwa anataja majina ya wajukuu wake na kuuliza kama wenzake wamefika kileleni.

Kesho yake, pale Mweka tunakoshukia, nilimrudishia Meku tochi yake. Alifungua kifuniko cha nyuma akanionyesha. Betri tatu ndogo za AAA, na juu yake kipande cha plasta nyeupe ya hospitali kilichoandikwa kwa kalamu tarehe aliyoziweka. "Ninazibadilisha nikishapanda mara tatu," aliniambia. "Hizo kuukuu zinamalizia kwenye redio nyumbani. Ya kichwani inapigwa upepo usiku kucha. Ya kifuani inapata joto, siku ukiihitaji inaamka." Tangu siku hiyo na mimi ninabandika plasta.

Maneno yake yalinirudisha kwa bibi. Nyumbani kwetu betri za redio zilipochoka, bibi alizianika juani kwenye bati tangu asubuhi, na jioni redio ilisikika tena mpaka taarifa ya habari ya saa mbili iishe. Sisi watoto tuliamini jua linaingia ndani ya betri. Ukweli ni kwamba umeme wa betri unatokana na kemikali, na kemikali zikipoa zinafanya kazi polepole. Betri iliyobakiwa na nguvu nusu, ukiipeleka kwenye baridi kali, inaonekana imekufa. Ukiipasha joto, ile nguvu iliyokuwa imezuiwa inatoka. Bibi alikuwa anafanya kwenye bati lake kile Meku alichokuwa anafanya kifuani.

Kwa hiyo ukinunua tochi ya mlimani, anza na betri kabla ya taa yenyewe. Zile za alkalini, ambazo ndizo zimejaa madukani, zina majimaji ndani yake na huishiwa nguvu haraka sana kwenye baridi. Zina jambo moja zuri, kwamba hufifia taratibu, zinakupa taarifa. Za lithiamu zisizochajiwa, za ukubwa uleule wa AA au AAA, ni nyepesi zaidi na zimetengenezwa kuvumilia mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Bei yake inauma, lakini kwa usiku wa kileleni sijaona mbadala. Soma tu maelezo ya tochi kwanza, kwani si kila tochi inazikubali. Kisha kuna za kuchaji, zilizofungwa ndani ya tochi kabisa. Hizo ni nzuri kwa matumizi ya kila siku na hazijazi taka mlimani, ila ukiichosha ukiwa mita 5,200 huna la kubadilisha. Na nyingi zina kidhibiti kinachoshikilia mwanga uwe uleule mpaka mwisho, halafu hukata ghafla, kama ya yule mhandisi. Zaidi ya hapo, betri ya namna hiyo ikichajiwa ikiwa imeganda inaharibika ndani kwa ndani, hata kama taa ya chaji inaonyesha kijani. Ilale ndani ya mfuko wa kulalia pamoja nawe, na uichaji ukiwa umeikumbatia au mchana kwenye jua.

Ninazozipenda mimi ni zile zinazokubali njia zote mbili: unaweka betri yake ya kuchaji siku za chini, na usiku wa kileleni unaitoa unaweka AAA tatu za lithiamu. Petzl ya Ufaransa inatengeneza za namna hiyo. Ndio hao waliotoa Tikka mwaka 2000, tochi ndogo ya kichwani ya LED, wakati wengi bado wanatembea na balbu za zamani za waya unaowaka. Meku anasimulia kwamba yeye alianza na taa ya chemli mkononi, kiongozi mmoja na taa moja, wageni wote wanafuata mduara wake. Kuna aina nyingine ambayo kasha la betri linatoka kwenye waya mrefu, unalishusha mpaka ndani ya koti. Ni nzuri mno kwa baridi, ingawa waya unanasa kwenye kofia ya koti kila ukigeuza shingo.

Sasa nije kwenye zile lumeni. Mwaka 2009 Marekani ulitungwa utaratibu wa kupima tochi unaoitwa FL1, na viwanda vingi vinaufuata hadi leo. Ni vizuri kujua unapima nini. Idadi ya lumeni inachukuliwa mara tu baada ya tochi kuwashwa, ndani ya dakika mbili za kwanza, betri zikiwa mpya, kwenye chumba chenye joto la kawaida. Idadi ya saa inahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Maana yake, tochi iliyoandikwa lumeni 300 na saa 10 inaweza kutumia sehemu kubwa ya saa hizo ikiwa na lumeni 60, 50, 30, na bado kiwanda hakijakudanganya. Nazo mita za umbali zinahesabiwa mpaka pale mwanga unapofanana na wa mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Hilo nililipenda nilipolijua, kwa sababu sisi tunaoongoza tunaufahamu vizuri mwanga wa mwezi mpevu. Kuna usiku wa mbalamwezi ambapo kuanzia Barafu tunazima tochi zote, theluji na mawe meupe yanatosha kutuonyesha njia, na wageni hulia kwa uzuri wake kabla hata hawajaona jua.

Baadhi ya viwanda huchapisha mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka saa hadi saa. Ukiupata, utafute mstari ulipo kwenye saa ya nne na ya tano. Hapo ndipo utakapokuwa unatembea. Kwa mwendo wetu wa pole pole kwenye changarawe, lumeni 50 hadi 100 zisizoyumba zinamtosha mtu yeyote. Kambini kumi au ishirini ni nyingi. Zile 300 na kuendelea zina kazi yake, nazo ni kumtafuta aliyepotea njia, kuangalia kama daraja limebebwa na maji, kuonyesha ishara. Zitumie dakika moja, uzime.

Jambo ambalo halimo kwenye boksi lolote ni vidole. Nimeona wageni wengi wamevua glavu kwa sababu swichi ni ndogo kama punje ya mtama na imezama ndani, au kwa sababu tochi inataka ubonyeze mara mbili haraka, kisha ushikilie, kisha uachie ikifika mwanga unaoutaka. Ukiwa sebuleni kwako hilo ni jepesi. Saa tisa usiku, kichwa kinauma na vidole havisikii, mtu anabonyeza bila kujua amefika wapi, tochi inapepesa kama gari la wagonjwa. Dukani vaa soksi nene mkononi, funga macho, jaribu kuiwasha, kuipunguza na kuizima. Ukishindwa, mrudishie muuzaji. Jaribu pia kifuniko cha betri: kama kinahitaji ukucha au sarafu, utakilaani. Angalia na shingo yake, pale inapoinama. Iwe inakaa ulipoiweka, kwa sababu iliyolegea inaanguka kila hatua na unamaliza usiku unaipandisha. Na iwe na namna ya kuifunga isiwake yenyewe ndani ya begi. Mgumu anabeba mzigo wako kwa saa tano, begi linabanwa na kamba, tochi inawaka ndani humo mchana kutwa. Kama haina kufuli, geuza betri moja kichwa chini wakati wa kufungasha.

Kuhusu maji sina mengi. Tochi iliyoandikwa IPX4 inavumilia kurushiwa maji kutoka kila upande, na hiyo inatosha hata kwa msitu wa Machame ambako mvua inaweza kukufuata kutwa nzima. IPX7, inayovumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, ni ya watu wa majini.

Taa nyekundu ndiyo watu huidharau dukani na kuishukuru kambini. Macho yanahitaji dakika ishirini hadi thelathini kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde moja unayarudisha mwanzo. Nyekundu hafifu haiyasumbui hivyo. Ukitoka kwenda haja usiku pale kambi ya Shira ukiwa na nyekundu, unaporudi hujamwamsha mwenzio wa hemani, na ukiizima unaona kilimia kilivyo. Ila usitembee nayo kwenye mawe. Nyekundu inalifanya shimo na kivuli cha jiwe vifanane, na mistari myekundu kwenye ramani inapotea kabisa.

Msimu wa mvua kubwa, Aprili na Mei, kazi za Kilimanjaro hupungua, na mwaka mmoja rafiki yangu alinialika Amani, Usambara Mashariki, kusaidia kuongoza wageni waliokuja kutazama vinyonga. Nilidhani natoka kwenye shule kubwa naenda kwenye ndogo. Usiku wa kwanza ukungu ulishuka mpaka kwenye majani ya chai. Nikawasha tochi yangu ya kichwani kwa nguvu zote, nikaona ukuta mweupe mbele ya pua. Nikaongeza, ukuta ukazidi kung'aa. Kijana wa pale, mdogo kwangu kwa miaka kumi, akaniambia, "Kaka, ivue. Ishike kiunoni." Nikaivua, nikaishika usawa wa mkanda, na njia ikatokea: mizizi, kokoto, nyayo za mtu aliyetangulia, kila kimoja na kivuli chake. Nilichokuwa sijakitambua miaka yote ni kwamba taa ikikaa karibu na macho, mwanga unaopiga ukungu unarudi moja kwa moja machoni, na hata pasipo ukungu vivuli vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe, ardhi inaonekana tambarare. Ukiishusha, vivuli vinatokeza pembeni na mguu unajua pa kukanyaga. Tangu hapo, nikishuka kwenye changarawe usiku, tochi huwa mkononi au nimeifunga kwenye mkanda wa begi kifuani.

Vinyonga tuliwapata kwa tochi hiyohiyo, kwa mwanga mdogo. Kinyonga akilala usiku rangi yake hupauka, na kwenye giza la majani anaonekana kama jani lililokauka likisimama peke yake kwenye ncha ya tawi. Unapitisha mwanga polepole, kama unafagia. Siku hiyo nilijifunza pia kuipenda tochi yenye mwanga wa kuelekea umanjano, maana ule mweupe wa kibuluu uliwafanya kinyonga na jani wafanane.

Lakini usiishushe kiunoni popote uendapo. Ukipiga kambi Serengeti kwenye zile kambi za umma zisizo na uzio, iache ikae kwenye paji la uso. Macho ya fisi au ya simba yanaurudisha mwanga kuelekea kule kule ulikotoka, kwa hiyo taa ikiwa karibu na macho yako ndipo unayaona yaking'aa, na ikiwa kiunoni yanaweza kukupita. Kabla ya kutoka hemani fungua zipu kidogo, toa kichwa, zungusha mwanga mkali pande zote, taratibu. Ukiona macho, funga zipu na umwamshe anayewatembeza. Lumeni zako zote 400 ni halali hapo.

Nina jambo moja linaniuma, nitalisema. Miaka niliyobeba mizigo, tochi yangu ya kwanza ilikuwa ya mkononi, ya shilingi elfu saba, niliyoifunga kichwani kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kampuni niliyoifanyia kazi wakati huo iliwakagua wageni tochi zao Moshi kabla hatujaondoka, mmoja mmoja, na sisi wagumu hatukuulizwa. Siku tukichelewa msituni tulitembea na simu mdomoni, kilo ishirini kichwani, mikono yote miwili imeshika mzigo. Rafiki yangu alivunjika kifundo cha mguu kwenye mzizi ambao mwanga wowote ungeuonyesha. Leo nikiwa mimi ndiye ninayeongoza, ukaguzi wa tochi unaanza kwa wagumu, na mwenye mbovu anapewa nyingine kabla ya kupima mizigo. Wageni wanaoniuliza waache nini wakimaliza safari huwaambia: bakshishi ni haki yao, na kama tochi yako huihitaji tena kwenu, mpe mtu aliyekubebea begi, pamoja na betri zilizobaki. Usimpe iliyokufa.

Mimi mwenyewe ninapanda na tochi mbili. Moja kichwani, yenye lumeni 350 na lastiki pana inayokaa juu ya kofia ya sufi bila kuteleza, uzito kama gramu 80 na betri zake. Ya pili ni ndogo, naivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Sibebi betri za akiba kama mbadala wa tochi ya pili, kwa sababu kubadilisha betri gizani kunahitaji mwanga, na betri ya AAA ikianguka kwenye changarawe huioni tena. Betri za akiba ninazo, lakini zinabadilishwa tochi nyingine ikiwa inawaka.

Wiki iliyopita vijana watatu wanaoanza usaidizi walinijia na tochi zao mpya wakitaka nizikague. Sikuziangalia sana. Tulikwenda kwa mama mwenye duka la samaki jirani yangu, ambaye friza lake hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, tukamwomba nafasi kwenye kona. Saa sita usiku, kabla hajafunga, tuliziwasha zote kwa mwanga wa katikati, tukazitia kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki ili zisipate unyevu zikitoka, tukazilaza juu ya sangara. Vijana walitaka kurudi kulala. Niliwaambia tukae. Tukakaa barazani na chai ya tangawizi, na kila baada ya saa moja mama alituinulia kifuniko.

Saa nane zilikuwa zinawaka zote. Saa tisa moja ilikuwa imezima kabisa. Saa kumi alfajiri alipofungua, ya pili ilikuwa rangi ya chungwa. Ya tatu, ile ndogo iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote, ya kijana aliyekuwa ameona aibu kuitoa mfukoni, ilikuwa bado inamulika magamba ya sangara, nyeupe ileile. Aliitoa kwa mikono miwili, akaipuliza, akaitia ndani ya shati.